Risasi Zilihesabiwa

Kwenye uwanja wa shabaha, zamani zile, kurutu hakuondoka kabla ya kutamka maneno machache mbele ya mkufunzi. Mlijipanga mstari, mifuko ya risasi ikiwa wazi na viganja vimekunjuliwa, na kila mmoja akasema kwa sauti kwamba hana risasi wala ganda la risasi. Kisha mlirudi kwenye nyasi mmeinama, mkiokota maganda moja moja hadi hesabu ilingane na ya asubuhi. Likikosekana moja, hakuna aliyekula. Nimewahi kuona kundi zima likipekua majani kwa vidole mpaka jua linazama, kwa sababu ya kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole.

Niliingia polisi mwishoni mwa miaka ya sabini, nikapitia chuo cha polisi cha Kiganjo kama askari wengi wa Kenya wa rika langu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza nyuma ya dirisha la chuma, nikitunza ghala la silaha. Ni kazi ya kalamu kuliko bunduki. Kitabu cha silaha kilikuwa kipana kama meza ndogo, na kila safu ilikuwa na kazi yake: tarehe, saa, namba ya askari, aina ya silaha, namba iliyochongwa kwenye chuma, risasi alizochukua, risasi alizorudisha, zilizotumika, sahihi. Askari akija kuchukua bunduki ya G3 alihesabu risasi 20 mbele yangu, nami nikahesabu tena. Wakati huo bado tulikuwa na zile bunduki za Mark Four za Waingereza, nzito, za mti mwekundu uliong'aa kwa mafuta na viganja vya watu. Konstebo wengi walipiga doria ya mtaani na rungu tu. Bunduki ilitoka kwa sababu, na sababu iliandikwa.

Usiku mmoja, katika kituo nisichokitaja, risasi moja ya G3 ilipotea. Konstebo alirudi zamu akakabidhi 19. Mkuu wa kituo aliamshwa, taa zote zikawashwa, na laini nzima ya nyumba za askari ikatolewa nje, wanawake wamejifunga leso na watoto wamebebwa migongoni, huku magodoro yakipinduliwa na madebe ya unga yakimwagwa juu ya gunia. Tulitembea na tochi njia yote aliyopita. Ilipatikana alfajiri chini ya kiti cha Land Rover, imebanwa kwenye chuma. Yule konstebo aliketi chini akalia, maana kilichokuwa kikimngoja ni kufukuzwa kazi, na pengine jela. Sikuona makosa katika msako ule, wala siyaoni leo. Risasi iliyopotea huwa ina mahali inakokwenda.

Lakini nakumbuka pia usiku mwingine katika kituo kile kile. Doria ilirudi na mtu amelazwa nyuma ya gari, amefunikwa gunia, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Walikuja dirishani kwangu kurudisha silaha. Swali nililopaswa kuuliza kwa mujibu wa kazi yangu lilikuwa moja: zimetumika ngapi? Nne. Nikaandika nne kwenye safu ya zilizotumika, sajini akatia sahihi, hesabu ikafungwa. Kwenye OB, kitabu cha matukio ya kituo, yaliandikwa maneno ya mistari mitatu: jambazi asiyejulikana, amepigwa risasi akijaribu kutoroka, maiti imepelekwa mochari. Hakuna laini iliyotolewa nje. Hakuna tochi iliyorudi kule ilikotokea. Baada ya siku kadhaa alikuja mama mmoja, akasimama kaunta, akauliza habari za kijana wake ambaye hakurudi nyumbani. Mimi ningeweza kumwambia saa, namba ya bunduki na idadi ya risasi. Jina la mtu aliyepigwa halikuwa na safu katika kitabu changu.

Hilo ndilo ninalolibeba kuhusu enzi yangu. Tulikuwa na nidhamu kali ya silaha, ya kweli, isiyo ya maonyesho, na nidhamu hiyo iliishia kwenye mdomo wa mtutu. Kila kitu kilichokuwa upande wetu wa risasi kilihesabiwa. Kilichokuwa upande wa pili kiliachiwa neno la mwenye bunduki.

Sheria yenyewe iliruhusu hivyo. Sheria ya Polisi ya zamani, Sura ya 84, ilimpa askari ruhusa ya kufyatua dhidi ya mtuhumiwa au mfungwa wa kosa kubwa anayetoroka, dhidi ya anayejaribu kumtorosha, na dhidi ya anayezuia kwa nguvu mtu asikamatwe. Ilidai onyo litolewe kwanza. Lakini nani angethibitisha kwamba onyo lilitolewa, ikiwa aliyeambiwa amekufa na waliosikia ni wenzake aliyefyatua? Sheria ya mwenendo wa jinai ilikuwa na kifungu cha hakimu kuchunguza vifo vya namna hiyo. Katika vituo nilivyofanyia kazi, majalada hayo yalikaa kabatini yakishika vumbi.

Na wananchi, tuseme kweli, walitushangilia. Miaka ya themanini Nairobi nzima ilijua jina la Patrick Shaw, askari wa akiba aliyekuwa pia msimamizi pale Starehe Boys, mtu wa mwili mkubwa aliyezunguka usiku kucha akiwinda wezi wa mabavu. Alipofariki mwaka 1988, hadithi zake zilikuwa zimekwisha kuwa ngano za kusimuliwa watoto. Watu waliochoshwa na ujambazi hawakuuliza maswali ya karatasi. Gazeti likiandika kwamba majambazi watatu wameuawa, msomaji alikunywa chai yake akahisi yuko salama zaidi. Ndipo yakaja maandamano ya Saba Saba ya 1990, na wale wale waliokuwa wakishangilia wakawakuta watoto wao mochari, wakitajwa kwa neno lile lile.

Nchi ilisimama na kujitazama baada ya uchaguzi wa 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zile, na kati ya hivyo, 405 vilikuwa vya watu waliopigwa risasi, vikihusishwa na polisi. Nilipoisoma namba hiyo niliifikiria kwa namna ya kazi yangu. Kila mmoja wa hao 405 alikuwa na mistari yake katika kitabu fulani, kituo fulani: bunduki ilitoka saa ngapi, ilirudi na risasi ngapi. Vitabu hivyo vingetosha kuanzia uchunguzi.

Kesi moja ilifika mahakamani. Januari 2008 kamera ya televisheni ilimnasa askari akifyatua risasi mtaani Kondele, Kisumu, dhidi ya waandamanaji wasio na silaha. Kenya nzima iliiona picha ile. Konstebo mmoja akashtakiwa kwa kuwaua watu wawili. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia, na jambo lililouvunja ushahidi lilikuwa namba: bunduki iliyopimwa na wataalamu haikuwa na namba sawa na ile iliyosemekana alipewa siku hiyo. Sitamhukumu yule kijana, maana mahakama imekwisha kusema. Lakini mimi niliyeandika namba hizo maisha yangu yote nililala vibaya. Mahali ambapo askari angefukuzwa kazi kwa kupoteza risasi moja, ilikuwaje kesi ya watu wawili waliokufa ikaanguka kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha bunduki ipi ilitoka kwa mkono wa nani?

Mabadiliko yalikuja kwa haraka baada ya ghasia zile. Kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley kilitoa mapendekezo yake mwaka 2009, katiba mpya ikaanza Agosti 2010, na mwaka 2011 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi pamoja na ile iliyounda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA. Wengi huzungumzia vyeo vipya na sare mpya. Kwangu moyo wa ile ya Huduma ya Polisi uko nyuma kabisa ya kitabu, kwenye Jedwali la Sita, kurasa chache tu ambazo ningependa kila mwananchi azisome.

Jedwali linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki ni ya kuokoa maisha, yake au ya mwingine, mbele ya hatari iliyo karibu, ingawa limo pengo la kulinda mali na la kumzuia mtuhumiwa wa kosa kubwa asitoroke, pengo ambalo mimi ningeliziba. Askari ajitambulishe na atoe onyo linaloeleweka. Aliyeumia atibiwe mara moja na jamaa zake wajulishwe. Askari mwenye sare avae jina au namba inayosomeka. Kutii amri ya mkubwa si kinga kwa anayetumia nguvu kinyume cha sheria. Kila matumizi ya bunduki yaripotiwe kwa mkubwa mara moja, hata kama hakuna aliyeguswa. Na kukiwa na kifo au jeraha baya, mkubwa huyo aiarifu IPOA, ambayo itachunguza. Safu ambayo haikuwamo katika kitabu changu hatimaye ilikuwa imechorwa, na imechorwa na Bunge.

Wapo wanaosema hayo yote ni wino. Nawapeleka Kinango, Kwale. Agosti 2014 polisi waliingia usiku katika nyumba moja wakimsaka mtu mwingine, na msichana wa miaka 14 akapigwa risasi akafa. Maelezo yalikuwa yale niliyoyazoea: aliwashambulia kwa panga. Zamani habari ingeishia hapo, mistari mitatu, na mwili ungekuwa umezikwa. Safari hii IPOA ilifika, mwili ukafukuliwa ukapimwa upya, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawafunga askari wawili miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Watetezi wa haki walilalamika kwamba miaka saba ni michache. Ni michache. Ila katika utumishi wangu wote sikuwahi kuona maelezo ya panga yakipelekwa mbele ya jaji na kukataliwa.

Mengine yalibadilika pia, nayapita haraka. Leseni za bunduki za raia, zilizokuwa mikononi mwa ofisi ya polisi peke yake, zilihamishiwa bodi, na mwishoni mwa 2018 Waziri Fred Matiang'i akawaamuru wote wenye bunduki waende kuhakikiwa upya. Itifaki ya Nairobi ya 2004 ilizitaka nchi zetu zichonge alama kwenye silaha zao za serikali ili ikiokotwa porini ijulikane ilitoka ghala lipi. Mwaka 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong. Haya ni mambo mema, na mtunza ghala yeyote atayafurahia.

Kaskazini ni habari nyingine. Nilipokuwa nikihesabu maganda mjini, kule risasi za serikali zilikuwa zikitoka bila kurudi. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichapisha matokeo ya Turkana Kaskazini: karibu nusu ya risasi zilizozagaa kule kinyume cha sheria zilitolewa na polisi. Ushahidi ulikuwa kwenye kitako cha ganda, palipochongwa herufi za kiwanda na mwaka, kikiwamo kiwanda chetu cha Eldoret. Sababu ilieleweka: mifugo ilivamiwa na Watoposa kutoka ng'ambo ya mpaka, askari hawatoshi, kwa hiyo wachungaji wakapewa risasi wajilinde. Lakini risasi iliyotolewa bila sahihi haina utii. Ilimlinda mfugaji wiki hii, wiki ijayo ikavamia zizi la jirani. Na zilipokuja kutugeukia sisi, Novemba 2012, askari zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta karibu na Baragoi. Wengi wao walikuwa vijana wachanga. Sipendi kusikia mtu akizungumzia haki za raia kana kwamba wale hawakuwa watoto wa mtu. Anayelilia hesabu ya risasi analilia pia maisha ya askari, maana risasi iliyokosa kuandikwa hurudi bila kuchagua sare.

Naandika haya kwa sababu ya miaka hii miwili mitatu. Sikuwa nimetarajia, katika uzee wangu, kuona askari wakishika doria ya maandamano wamefunika nyuso kwa barakoa na vitambaa, bila jina kifuani, ndani ya magari yasiyo na namba. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ililazimika kuamuru kwamba polisi wanaosimamia maandamano wavae sare na watambulike, jambo ambalo Jedwali lilikuwa limelisema miaka 13 kabla. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliokufa katika maandamano ya mwaka huo. Kitabu cha silaha kinadai namba ya mtu. Ukimvika barakoa umekichana kitabu.

Kisha Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, halafu mahakamani. Naielewa hasira ya mwenye duka lililoporwa. Ndugu zangu ni wenye maduka. Lakini yeyote aliyewahi kufundisha shabaha anajua kwamba hakuna risasi ya mguu. Askari hufundishwa kulenga kifua kwa sababu ndiyo shabaha pekee ambayo mkono unaotetemeka unaweza kuipata. Mguu unakimbia, nyuma yake kuna watu wengine, na risasi ya bunduki inaruka mita zaidi ya 700 kwa sekunde. Ikilipata paja inavunja mfupa na kukata mshipa mkubwa wa damu, na mtu anaweza kumaliza damu yake kabla hujampata dereva wa gari. Katika Jedwali la Sita hakuna neno mguu. Kuna neno maisha.

Kingine kinachoniuma ni kwamba hata tukifuata sheria yote, maiti bado iko mikononi mwetu. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vyenye utata, ofisi ambayo ingeuchukua mwili kutoka kwa polisi na kusema chanzo cha kifo bila kumwogopa mtu. Miaka ikapita bila ofisi hiyo kufunguliwa. Kwa hiyo anayebeba maiti, anayeiandikisha mochari na anayeandika neno la kwanza kuhusu marehemu ni mwenzake aliyefyatua, pengine wanaishi laini moja na watoto wao wanakwenda shule moja. Hata askari mwaminifu hawezi kubeba mzigo huo, na hakupaswa kubebeshwa.

Jirani yangu ana kijana konstebo. Majuzi alikuja kwangu jioni, akakaa kimya kwa muda, akaniita afande ijapokuwa nilikwisha kuvua sare. Alikuwa kwenye stendi ya matatu, ugomvi ukazuka, mawe yakarushwa, naye akafyatua moja hewani. Hakuna aliyeumia. Aliporudi kituoni, mkubwa wake alimwambia asijisumbue na ripoti: atapewa risasi nyingine airudishe, hesabu itakaa sawa.

"Risasi nyingine inatoka wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, afande. Wanazo tu."

Nilimuuliza mara ya pili, nikidhani sikusikia vizuri. Enzi yangu risasi isiyo na kitabu ingeitoa laini nzima nje usiku. Leo iko kwenye droo fulani, tayari kuziba pengo, na ikiwa inaweza kuziba pengo la risasi ya hewani, inaweza kuziba la risasi iliyompata mtu. Nikamwonyesha kifungu kinachosema kila matumizi yaripotiwe, jeraha liwepo lisiwepo. Nikamwambia aandike saa, mahali, sababu, namba ya bunduki, na kwamba amerudisha pungufu ya moja, kisha abaki na nakala nyumbani.

"Nikiandika wataniona msaliti."

"Usipoandika, kijana wangu, siku utakayoshtakiwa kwa risasi ambayo si yako utajitetea na nini?"

Aliandika. Ripoti ilipokewa bila neno, na ratiba ya wiki iliyofuata ikamtoa doria ikampeleka kulinda geti usiku, bila silaha. Bado yuko getini. Mama yake ananilaumu kidogo, nami nimemwambia kwamba nikihitajika kwenda kutoa ushahidi wa namna kitabu cha silaha kinavyopaswa kuandikwa, nitakwenda kwa nauli yangu.